Uso wa Saa ya Baba

4 Machi

Bwana Fundi Saa,

Habari za kazi. Anwani yako nimepewa na mwenye duka la miwani ninakotengenezea miwani yangu. Alisema wewe ukitamka kwamba saa ni ya kweli, hakuna wa kukubishia, na ukisema ni ya bandia mwenye saa aende tu nyumbani akalale.

Ndani ya kifurushi hiki kuna saa ya mkononi ya kuzamia, ya zamani, ya kifahari. Au tuseme inajifanya hivyo. Marehemu baba yangu alikuwa mzamiaji bandarini. Kazi yake ilikuwa kuingia chini ya meli, kukata kamba zilizonasa kwenye pangaboi na kuchomelea vyuma humo humo majini. Walipofanikiwa kuinua tishari lililozama na mizigo yake, mabosi walimpa saa hiyo mbele ya wafanyakazi wote. Hatukuwa na kitu kingine cha thamani nyumbani.

Nimekuwekea na picha. Baba hapo hajafika miaka arobaini, mkono kauweka kiunoni, saa inaonekana vizuri. Chukua lenzi yako uangalie uso wa saa. Kwenye picha, chini ya jina la kiwanda kuna mstari mmoja tu wa maandishi. Kwenye saa niliyokutumia kuna mistari miwili. Nukta za saa nazo hazilingani. Mtu yeyote mwenye macho anaona.

Sihitaji maelezo marefu. Nahitaji barua yenye muhuri wako inayosema kwamba hii si saa aliyopewa baba. Ni kwa ajili ya jambo la kifamilia ambalo limechukua muda mrefu mno. Nilikuwa mwalimu mkuu kwa miaka ishirini na miwili, kwa hiyo naomba barua iwe na tarehe, na sahihi iwe inasomeka.

Wako,
Mwalimu Mkuu Mstaafu


13 Machi

Mwalimu,

Kifurushi kimefika salama. Kwanza, mimi si bwana. Ni mwanamke, nina wajukuu wawili, na ufundi huu nilirithi kwa baba yangu pamoja na meza yake. Usijali, wengi hukosea. Wengine hupanda ngazi mpaka hapa juu, wakanikuta nimeinama na lenzi jichoni, halafu wananiuliza fundi atarudi saa ngapi.

Pili, barua unayoitaka siwezi kuiandika kabla sijafungua saa. Umenitumia jibu ukaniomba nikutafutie swali, na wewe mwalimu unajua kwamba hivyo sivyo.

Mpaka sasa nimeitazama kwa nje tu. Uzito wake ni sawa. Pete ya nje, ile ambayo mzamiaji huizungusha ili ahesabu dakika zake akiwa chini, inagonga vizuri, mlio wa chuma cha maana. Za bandia mara nyingi pete inateleza kama kifuniko cha chupa ya dawa. Lakini uso wa saa kweli haufanani na wa kwenye picha. Hapo umeona sawasawa.

Niambie mambo mawili. Je, imewahi kutengenezwa? Na imepita mikononi mwa nani tangu ilipotoka mkononi mwa mzee?

Fundi Saa


20 Machi

Mama Fundi,

Niwie radhi kwa hilo la bwana. Mimi mwenyewe nimeitwa bwana kwenye barua za wizara kwa miaka mingi, nilipaswa kujua.

Saa haijawahi kutengenezwa. Baba aliacha kuzamia nikiwa na miaka kumi na moja, baada ya kuumia kazini. Mguu wake wa kushoto ulikufa ganzi na haukupona. Walimhamishia stoo, akawa anagawa kamba na nyundo kwa watu aliokuwa akiwaongoza. Saa aliifungia kwenye kopo la biskuti juu ya kabati, na hakuivaa tena nikiwa pale nyumbani.

Miaka miwili ya mwisho baba alikaa kwa mtu mmoja aliyekuwa akimwangalia. Kopo nalo lilikwenda huko. Baba alipofariki, kopo likarudi na saa hii uliyo nayo. Nilimwonyesha muuza saa mmoja, akaiweka pembeni ya picha na hakumaliza hata dakika tano. Akasema, "Mama, umebadilishiwa." Basi.

Huyo mtu ana shida zake. Sipendi kuliendeleza zaidi ya hapo.

Mwalimu


2 Aprili

Mwalimu,

Naomba ukae chini unapoisoma hii.

Jana asubuhi niliifungua saa. Namba iliyochongwa ubavuni, pale mkanda unapoificha, ni ya kiwanda. Kina chake ni sawa, kingo zake ni kali, haikufutwa ikachongwa upya. Mashine ya ndani ni ya kiwanda hicho hicho na ni ya umri huo huo. Mfuniko wa nyuma una mwandiko wa kuchongwa wa kampuni iliyomwajiri mzee, na tarehe. Herufi zimelika pale jasho la mkono linapokaa. Hilo huwezi kulighushi kwa mwaka mmoja, wala mitano. Mkono wa mtu ulifanya kazi ndani ya saa hii.

Sasa huo uso. Nao ni wa kiwanda, ila ulitoka kiwandani miaka mingi baada ya saa yenyewe. Nyuma yake kuna chapa ya vipuri. Mishale nayo ni ya vipuri. Kwa hiyo saa ni ileile, imewekewa uso mpya.

Kilichobaki ni lini. Sisi mafundi tuna tabia, tukifungua saa ya maana, kuchora alama ndogo upande wa ndani wa mfuniko kwa ncha ya sindano, ili anayekuja baadaye ajue mwenzake alifanya nini. Ndani ya mfuniko huu kuna alama moja tu. Inasema: maji, uso, mishale. Halafu mwezi na mwaka. Ni miaka kumi na tisa iliyopita.

Wewe ndiye unayejua mzee alifariki lini. Mimi sijui, na sikuuliza.

Fundi Saa


8 Aprili

Mama Fundi,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Nashukuru kwa bidii yako.

Baba amefariki miaka kumi na moja iliyopita. Kwa hesabu zako saa ilibadilishwa uso akiwa hai, anatembea na fimbo yake, miaka minane kabla hajatutoka. Hili haliwezekani. Angetuambia. Baba alikuwa mtu wa kueleza hata kwa nini kanunua aina fulani ya misumari.

Alama ya sindano mtu yeyote anaweza kuichora. Anaweza kuandika mwaka wowote anaotaka. Kwa nini hukulifikiria hilo?

Nakuomba uangalie tena. Na kama huwezi kuandika kwamba ni ya bandia, basi andika kwamba haikuweza kuthibitishwa. Hayo maneno hayamwumizi mtu. Shangazi yangu ana miaka themanini na nane. Ndiye aliyebaki kati ya wakubwa zetu, na amenitaka nimletee ushahidi wa neno nililolitamka mbele ya watu. Nikienda mikono mitupu itakuwaje? Nakuomba kama mwanamke mwenzangu.

Mwalimu


17 Aprili

Mwalimu,

Nimeangalia tena, kwa sababu umeniomba na kwa sababu nawe una haki ya kutoniamini. Ndani ya michoro ya ile alama kuna utando wa kijani wa mafuta ya zamani yaliyokauka. Utando haujui kusema uongo. Mwaka ni ule ule.

Maneno ya "haikuweza kuthibitishwa" sitayaandika, kwa kuwa imethibitika. Nikuambie kitu ambacho huwa sisemi kwa wateja. Nilipokuwa kijana, nimeanza tu kuachiwa meza, alikuja mama mmoja na saa aliyozawadiwa na mumewe. Niliitazama kwa nje, nikataka kuonekana mjuzi, nikasema ni ya bandia. Akaondoka. Baada ya mwezi baba yangu akaiona saa ile ile kwa fundi mwingine. Ilikuwa ya kweli. Tulimtafuta yule mama tukaambiwa aliondoka nyumbani kwa mumewe wiki ile ile, akisema amechoka kudanganywa. Sijampata mpaka leo. Tangu siku hiyo sisemi neno kabla sijafungua mfuniko.

Kuhusu kwa nini uso ulibadilishwa, huo si ujanja wa mtu. Saa iliingia maji, na yaliingia zamani sana, miaka mingi kabla ya matengenezo, kwa sababu kutu imekaa tabaka juu ya tabaka. Hayakuingilia kwenye kioo wala nyuma. Kutu yote imeanzia kwenye mrija wa kile kifundo cha pembeni cha kujazia saa. Kwenye saa za kuzamia kifundo hicho hukazwa kwa kuzungushwa, kama koki. Mtu alikifungua, labda alitaka kurekebisha mishale, halafu akakisukuma ndani bila kukikaza. Kwa macho huwezi kujua. Ukiwa nchi kavu saa inaendelea kutembea kama kawaida. Mpaka uingie nayo majini.

Nimeandika kiwandani kuuliza namba ile kwenye vitabu vyao. Jibu likija nitakutumia. Saa ipo kwangu, salama.

Na kama huyo mtu mwenye shida zake ndiye uliyemtamkia neno mbele ya watu, basi Mwalimu, mimi ni fundi saa tu, lakini ningeanza kumtafuta.

Fundi Saa


9 Juni

Mwalimu,

Hujanijibu tangu Aprili. Nimeulizia kwa mwenye duka la miwani, akasema u mzima ila umepita dukani kwake kama hukumwona.

Kiwanda kimejibu. Karatasi yao nimeiambatisha. Saa yenye namba hii iliuzwa kwa kampuni aliyofanyia kazi mzee, mwezi mmoja kabla ya tarehe iliyochongwa nyuma. Sina la kuongeza. Ni saa ya baba yako.

Barua yenye muhuri nayo imo humu. Tarehe ipo, sahihi inasomeka.

Fundi Saa


19 Juni

Mama Fundi,

Nisamehe kwa ukimya. Kila nilipochukua kalamu niliona afadhali nikafue mapazia. Nimefua mapazia yote ya nyumba hii mara mbili.

Huyo mtu ni mdogo wangu. Ni wa tumbo moja na mimi, nimempita miaka sita. Nyumbani tulimwita Mapengo, kwa sababu meno yake ya mbele yaling'oka mapema na mapya yakachukua muda wake kuota. Ni fundi wa majokofu. Alimwogesha baba kwa miaka miwili, wakati mimi nilikuwa naleta matunda Jumapili na kuuliza kwa nini kucha za mzee hazijakatwa. Baada ya mazishi, kwenye kikao cha familia, nilisimama na ile picha mkononi nikasema, "Mapengo ameuza saa ya baba akatuletea takataka." Watu kumi na mmoja walikuwepo, na mama yetu akiwa mmoja wao. Nilimwambia ajibu. Alinitazama, akafungua mdomo, halafu akaufunga. Akachukua kofia yake. Mimi nikasema mnaona, hana la kusema.

Hatujazungumza tangu siku hiyo. Mama alifariki mwaka uliofuata, tukazika kila mmoja upande wake wa kaburi. Miaka mitatu iliyopita mke wake naye alifariki. Nilipata habari. Niliandaa nguo za msibani, nikakaa kitandani mpaka saa ya basi ikapita.

Lakini si hayo tu yaliyoninyamazisha. Ni ulichoandika kuhusu kifundo.

Nilikuwa na miaka kumi na moja, Jumatatu asubuhi. Baba alikuwa bafuni, saa yake iko mezani. Redio ikapiga ile milio ya saa moja kabla ya habari, nami nikaona saa ya baba imechelewa kwa dakika mbili. Tulikuwa tumefundishwa shuleni kusoma saa na mimi ndiye niliyeongoza darasa. Nikakizungusha kile kifundo kikalegea, nikakivuta, nikaisogeza mishale mahali pake, nikakisukuma. Nilijisikia vizuri. Sikumwambia mtu, nilitaka afurahie mwenyewe kuona saa yake inakwenda sawa.

Siku hiyo hiyo walimleta nyumbani wamembeba. Sikuwahi kuyaweka mambo hayo mawili pamoja. Nakuapia, kwa miaka arobaini na saba sikuwahi.

Mwalimu


1 Julai

Mapengo, mdogo wangu,

Sijui kama utaifungua hii bahasha ukiona mwandiko. Kama umeifungua, asante.

Saa ni ya kweli. Nimeipeleka kwa fundi anayejua kazi yake, nimepata karatasi mpaka ya kiwandani, nimekuwekea nakala. Ilibadilishwa uso miaka kumi na tisa iliyopita, baba akiwa hai. Hukuuza kitu. Nilikusingizia mbele ya watu na mbele ya Mama, nami nilikuwa sijui ninachosema. Nilimwamini muuza saa aliyeitazama kwa dakika tano kuliko wewe niliyekubeba mgongoni.

Siombi unisamehe kwa barua. Hilo naona ni kukutumikisha tena.

Nina swali moja tu, nawe ndiye pekee aliyebaki wa kulijibu. Fundi anasema saa iliingia maji kwa sababu kifundo hakikukazwa. Siku baba alipoumia, asubuhi yake nilikuwa nimeigusa saa. Je, ni mimi? Na baba alijua?

Usinionee huruma. Niambie tu.

Dada yako


28 Julai

Dada,

Barua yako ilifika siku tatu tu baada ya kuituma. Ilikaa juu ya jokofu la mteja, halafu juu ya jokofu langu. Nilikuwa naizunguka.

Umesema nisikuonee huruma. Sawa.

Ndiyo. Baba alijua.

Aliniambia siku tuliyoipeleka saa kwa fundi. Mimi ndiye niliyemwambia tukaitengeneze, nilikuwa nimepata kazi nzuri nikataka kumfurahisha. Yule fundi alipoifungua, maji yalikuwa yamekula uso wote, mweusi kama sufuria. Akauliza, "Mzee, hii iliingiaje maji?" Baba akasema binti yake aliisahihisha.

Tukiwa njiani kurudi ndipo akanieleza. Alikuwa chini ya meli, ana mtungi wake mgongoni, wenzake wa juu wako kwenye winchi na muda anajihesabia mwenyewe. Akatazama saa, akaona bado ana dakika za kutosha. Akaendelea kukata kamba. Akatazama tena, dakika ni zile zile. Ndipo alipoona ukungu kwenye kioo. Hewa ikaanza kumwishia, akapanda juu haraka kuliko inavyotakiwa, na damu yake ikafanya mapovu. Mguu ukaishia hapo. Jioni ile, akiwa kitandani, alikiona kifundo kimelegea. Akakumbuka kuwa asubuhi saa yake ilikuwa imechelewa kwa dakika mbili, na alipotoka bafuni ikawa sawa. Nyumbani kwetu mtu wa kusahihisha vitu alikuwa mmoja tu.

Hakukasirika, Dada. Hilo nakuambia kweli. Alisema kosa lilikuwa lake, mzamiaji hukagua saa yake kabla hajaingia majini na siku hiyo hakukagua. Ila aliniomba usijue kamwe. Alisema, "Yule akijua, hatajisamehe hata akiwa bibi." Nikamwahidi.

Halafu kwenye kikao ukasimama na ile picha. Ningesema tulibadilisha uso, ungeuliza kwa nini. Ningesema maji, ungeuliza maji yaliingiaje. Wewe huachi swali likiwa nusu, hata mwenyewe unajua. Na Mama alikuwa pale, naye hakuwa anajua.

Lakini nisijifanye malaika. Nilinyamaza kwa ahadi ya baba kwa wiki moja, labda mbili. Baada ya hapo nilinyamaza kwa hasira. Nilisema moyoni, ngoja agundue mwenyewe, aone aibu yake. Nikawa nasubiri hiyo siku kama mtu anayesubiri mshahara. Mke wangu alinisihi nikuandikie. Akiwa hospitali alinisihi tena, akasema hata kama dada yako ana kosa, watoto wanahitaji watu. Nikamwambia akipona tutaenda wote. Kwenye mazishi yake nilikuwa nageuka kutazama geti kila lilipolia.

Sasa siku yenyewe imekuja na barua yako ninayo. Nilidhani nitafurahi.

Mapengo


10 Agosti

Mapengo,

Jana niliwaita wote kwa Shangazi. Waliokuwepo kwenye kile kikao walikuwa kumi na mmoja, ukiniondoa mimi na wewe. Wanne wamefariki, akiwemo Mama. Saba walikuja. Nilisimama pale pale kwenye zulia lile lile, nikasoma barua ya fundi, halafu nikasoma ya kiwanda. Kisha nikawaeleza habari ya kifundo. Najua baba hakutaka, lakini bila hiyo wangeuliza kwa nini ulinyamaza, na ungeendelea kuonekana mtu wa ajabu.

Hakuna aliyenilaumu. Binamu akasema, "Ulikuwa mtoto." Nikamwambia, nilipokuwa na miaka kumi na moja nilikuwa mtoto. Nilipokuwa na miaka arobaini na saba nilikuwa mwalimu mkuu. Shangazi akaomba nimsomee tena sehemu inayokutaja wewe, kwa sauti, maana masikio yake siku hizi si mazuri. Nikamsomea mara mbili. Alilia kimyakimya, akaniuliza, "Na hao wanne utawaambia lini?" Mama alikufa akiamini mtoto wake wa mwisho ni mwizi, kwa sababu mimi nilimwambia hivyo, na Mama alikuwa akiniamini kila kitu.

Siku ya msiba wako nilikuwa nimevaa tayari. Nilikaa kitandani nikiwa na viatu. Nilijiambia kwamba utanifukuza mbele ya watu. Ukweli ni kwamba niliogopa hutanifukuza.

Saa iko kwa fundi, ameisafisha na inatembea. Ni yako. Nimwandikie akutumie?

Na kama utaniruhusu, ningependa kuja. Hata kwa saa moja.

Dada


25 Agosti

Dada,

Binamu alinipigia simu kunieleza ulichofanya kwa Shangazi. Watu saba wamenipigia wiki hii, hata wale waliokuwa wakinipita sokoni kama nguzo. Mmoja akaniuliza kama naweza kumtazamia jokofu lake, halitoi baridi. Nikaona kweli nimesamehewa.

Saa siitaki. Si kwa ubaya. Sina mkono wa kuivaa. Muuzie mtu anayezamia, au kaa nayo, utakavyoamua mimi sitauliza.

Kuhusu kuja kwako, nimefikiri sana. Sikudanganyi, kuna siku naamka nataka uje, na kuna siku nakumbuka lile geti. Hayo mawili yako pamoja na sidhani moja litalifukuza jingine. Miaka kumi na moja si kitu cha kurudishwa kwa barua mbili tatu. Mkubwa wangu ulimwacha yuko shule ya msingi, sasa ana ndevu na mchumba. Mke wangu alikuwa akipika huku anaongea peke yake, ungempenda, mngegombana kila siku juu ya chumvi. Hukumfahamu vizuri na sasa basi.

Nilikuwa nimeamua nikuandikie usubiri kwanza. Barua nilikwisha kuianza. Binti yangu wa mwisho, ana miaka tisa, alikuwa anafanya kazi zake za shule pembeni yangu mezani. Akauliza namwandikia nani. Nikamwambia, shangazi yako.

Akaacha kuandika. Akasema, "Kumbe ninaye?"

Nikaichana ile barua. Njoo Jumamosi, basi la asubuhi. Ukishuka uliza nyumba ya fundi wa majokofu, yenye geti la bluu. Atakuja kukupokea yeye, huyu binti.

Mapengo